Gari gani la zamani la kuandaa kwa safari ndefu kutoka Lubumbashi: HZJ78, Land Cruiser 80 au Pajero?

Mwalimu wa Kampemba

Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi na mke wangu tunaishi Lubumbashi, na kwa miaka minne tumekuwa tukiweka akiba ili tununue gari la zamani linaloendesha magurudumu yote manne, tuliandae polepole, kisha tusafiri nalo kila mwaka katika likizo kubwa ya Julai na Agosti, wakati mvua imekwisha na njia zimekauka. Safari ya kwanza tunayoiwaza inapitia Kasomeno hadi Pweto kwenye Ziwa Mweru, kisha Moba, na mwisho Kalemie, ambako wazazi wa mke wangu wanaishi. Ya pili, Mungu akijalia, ni kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, kupita Zambia hadi Nakonde na Tunduma, na kuendelea mpaka tuione bahari.

Fedha tuliyo nayo ni dola 20,000, na ndani yake lazima itoke bei ya gari, matengenezo ya lazima, mahali pa kulala na akiba ya njiani. Nimeona magari matatu. La kwanza ni Land Cruiser HZJ78 ya mwaka 2006, ile ndefu yenye milango miwili ya mbele na milango ya nyuma, iliyokuwa ikifanya kazi mgodini upande wa Kolwezi. Mita inasoma kilometa 140,000 na muuzaji anataka dola 15,000. La pili ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1996 yenye injini ya turbo, usukani uko kulia, ilitoka Zambia, ndani ni safi sana, na bei yake ni dola 11,000. La tatu ni Pajero ya mwaka 1998 yenye injini ya 4M40, dola 6,000.

Mimi si fundi. Ninajua kubadilisha oili na tairi, na ninajifunza mengine. Ninaogopa kununua kwa macho kisha nikalia porini na mke wangu yuko kando yangu. Naomba mnisaidie kwa yale mliyoyaona kwa mikono yenu: nichague lipi, na nichunguze nini kabla sijatoa fedha?

Fundi wa Katuba

Mwalimu, karibu. Nimefungua na kufunga magari ya aina hizo zote tatu kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na utanivumilia.

Anza na chasisi. Injini ya gari la zamani inaweza kutengenezwa, giaboksi inaweza kubadilishwa, lakini chasisi iliyopasuka au kuliwa na kutu itakusumbua hadi siku utakapoliuza gari, na utaliuza kwa hasara. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na nyundo ndogo. Pita upande mmoja kutoka bampa hadi bampa, kisha upande wa pili, ukigonga taratibu na kusikiliza: chuma kizima kina sauti kali, chuma kilichooza kina sauti nzito iliyokufa. Angalia zaidi mahali springi za nyuma zinaposhikwa, mahali shokapu zinapofungwa, na nyuma ya ekseli, kwa sababu hapo ndipo mzigo mwingi hukandamiza. Ukiona kipande cha chuma kimechomelewa juu ya chasisi, uliza kwa nini. Ukiona rangi mpya nyeusi imepakwa chini tu, ilhali sehemu nyingine za gari zimechakaa, uliza mara mbili.

Sasa nikuambie jambo la magari ya migodini, maana sisi wa Katanga tunayapata kwa wingi na tunadanganyika nayo kwa wingi. Kilometa 140,000 kwa gari la mwaka 2006 ni chache, na hapo mnunuzi hufurahi. Lakini gari la mgodini huwashwa asubuhi, hukaa linanguruma huku kiyoyozi kikifanya kazi, husogea mita 300, husimama tena likinguruma. Mita ya kilometa haihesabu saa hizo, ila injini inazihesabu zote: oili inachafuka, pistoni zinalika, vumbi linaingia. Kuna pia jambo la asidi. Viwanda vinavyotoa shaba na kobalti kwenye mawe hutumia asidi ya salfa, na gari lililofanya kazi karibu na matangi hayo miaka mingi huweza kuliwa kwenye mabomba ya breki, kwenye nyaya za umeme na kwenye maungio ya bodi, mahali usipopaona ukisimama wima. Sisemi ulikatae gari la mgodini. Nimeuza mawili yaliyokuwa mazuri sana. Ninasema usisome mita, soma chuma.

Injini iliyomo kwenye 78 ni 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya mazutu (dizeli) haiongozwi na kompyuta. Haina mbio, ukipanda mlima na mzigo, malori mapya yatakupita, na lazima ulikubali hilo tangu mwanzo. Faida yake ni kwamba kuanzia Lubumbashi hadi Kalemie hutakosa mtu anayeifahamu, kwa sababu ndiyo injini ya magari ya migodi, ya misheni, ya hospitali na ya mashirika. Inachodai ni vitu viwili. Kwanza, mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilometa 100,000, kwa sababu ukikatika valvu hugonga pistoni na injini huharibika papo hapo. Kama muuzaji hana uthibitisho wa tarehe, badilisha mkanda pamoja na tensiona yake katika juma lile lile la kununua. Pili, usiiache ichemke hata mara moja. Kichwa cha silinda hupasuka karibu na vyumba vidogo vya kuwashia, na hapo utaona maji yanapungua bila kuona yanakovuja. Rejeta ioshwe kwa maji yanayotoka upande wa injini kuelekea nje, ili udongo urudi ulikoingilia. Na mtu asikushawishi uifunge 1HZ turbo ili ipate nguvu. Pistoni na kichwa chake havikutengenezwa kwa joto hilo, na nimeona matokeo mezani pangu.

Siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, kuna sababu, rudi siku nyingine. Washa ikiwa baridi. Moshi mweupe kidogo unaopotea haraka si shida. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito unaonyesha kwamba mazutu ni mengi kuliko hewa, pengine nozeli zimechoka au filita ya hewa imeziba. Injini ikishapata moto, fungua kifuniko cha kutilia oili na utazame: hewa inayopumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia ina maana kwamba mgandamizo unavuja kupita kwenye pete za pistoni. Kisha angalia vifundo vya magurudumu ya mbele, zile tufe kubwa nyuma ya rimu. Zikilowa mchanganyiko wa grisi na oili ya difu (gia za katikati ya ekseli), sili zimekwisha. Hilo ni tengenezo la kawaida wala si sababu ya kukimbia, ila lipunguze bei.

Kuhusu Pajero sitakuchukulia muda mwingi. Ni gari zuri la mjini na la barabara ya Likasi, lakini 4M40 ina historia ya kupasuka kichwa ikichemka, na magurudumu ya mbele hayana ekseli moja nzima, kwa hiyo kuna viungo vingi zaidi vya kulegea kwenye njia mbovu. Kwa safari ya Moba, hapana.

Ile 80 ya mwaka 1996 inaelekea kuwa na 1HD-FT, injini yenye valvu 24 na nguvu nyingi. Ni injini njema. Ninachokuomba ni uende kwenye maduka ya vipuri hapa mjini ukaulize bei ya pistoni na nozeli zake, kisha uulize za 1HZ. Tofauti ya majibu itakusaidia kuliko maneno yangu.

Mama wa Ibanda

Mwalimu, pokea salamu. Baba Fundi amesema vizuri kuhusu kununua, nami nitasema kuhusu kuandaa, kwa sababu hapo ndipo magari mazuri huharibiwa. Kwa miaka 11 nilisimamia magari ya shirika moja la misaada huko kwetu Bukavu, kabla ya mume wangu kuhamishiwa Lubumbashi. Karibu yote yalikuwa HZJ78 na HZJ79, ile ya pikapu. Nililosoma humo ni kwamba gari haliuawi na barabara peke yake. Barabara humalizia kazi iliyoanzwa na mzigo.

Chukua karatasi tuhesabu pamoja. Baadhi ya HZJ78 zina matangi mawili ya lita 90 kila moja. Lita moja ya mazutu ina uzito wa karibu gramu 840, kwa hiyo matangi yakijaa ni kilo 151. Maji lita 60 ni kilo 60. Wewe na mama wa nyumbani, tuseme 150. Tairi mbili za akiba na rimu zake, 70. Hema la juu ya paa, 60; keria ya kulishikilia, 40. Friji na betri ya pili, 50. Vifaa vya kazi na vipuri, 60. Chakula na vyombo, 40. Makabati, hata ukiyatengeneza kwa mbao nyepesi, 100. Hapo tumefika kilo 781, na hujaweka winchi (mashine ya kulivuta gari likikwama), bampa ya chuma wala zawadi za wakwe, ambazo najua hutaziacha. Soma kile kibati cha mtengenezaji kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kisha ulipime gari lako tupu kwenye mizani ya malori. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ruhusa yako yote.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja niliruhusu gari liondoke kuelekea Shabunda na mapipa madogo ya mazutu juu ya keria, kwa kuwa nyuma palikuwa pamejaa dawa. Barabara ilikuwa imejikunja kama bati la paa, na kwa siku tatu ule mzigo wa juu ulipiga na kupiga. Liliporudi, mifereji ya pembeni mwa paa, ile ambayo miguu ya keria huishikilia, ilikuwa imepasuka pande zote mbili, na mvua ikawa inaingia ndani juu ya wagonjwa. Dereva alikuwa ameniambia kabla ya kuondoka kwamba juu ni pazito. Sikumsikiliza. Tangu siku hiyo, juu ya paa niliruhusu vitu vyepesi tu: hema, mikeka, tairi moja ikilazimu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza msijenge kitu. HZJ78 ina nafasi ya watu wawili kulala ndani, juu ya godoro lililowekwa kwenye mbao. Nendeni Pweto na kurudi, mlale hivyo, na mke wako aandike kila jioni ni kitu gani kilikosekana na kipi hakikuguswa. Fedha ambayo ingeenda kwenye hema iende kwenye springi za nyuma zinazofaa mzigo wenu, shokapu nzuri, na tairi.

Kuhusu tairi, kaa kwenye saizi ya 7.50R16 kama gari linaikubali. Haivutii macho, ni nyembamba, lakini malori madogo huitumia, hivyo hupatikana hata mahali ambapo hakuna duka la magari. Barabara ikiwa ya makunyanzi, punguza upepo kidogo na upunguze mwendo pia. Mkifanya la kwanza bila la pili, tairi itachemka na kupasuka ubavuni. Nunua pampu ya upepo kabla ya winchi. Wanaopita kwenye potopoto na winchi ni wachache, wanaopita na koleo, mbao mbili imara na subira ni wengi, na wewe unasafiri kiangazi.

La mwisho ni mazutu. Baada ya mji mkubwa utanunua kwenye madumu na chupa kando ya njia, na mara nyingine kuna maji au mchanga ndani. Beba faneli yenye kitambaa au wavu mwembamba, weka filita ya pili inayotenganisha maji, na beba filita nne za akiba. Hii ndiyo sababu halisi ya kuchagua injini ya zamani: zile mpya husukuma mafuta kwa mgandamizo unaozidi baa 1,000, na uchafu mdogo huziua nozeli zake.

Dereva wa Likasi

Yaya Mwalimu, naomba nitetee ile 80 kidogo, maana ninayo ya aina hiyo tangu mwaka 2015. Baba Fundi na Mama wamesema kweli, lakini hawajakaa siku mbili mfululizo kwenye kiti cha nyuma cha 78. Series 80 ina springi za koili mbele na nyuma, na ekseli nzima pande zote mbili, kwa hiyo inachukua mashimo kwa upole na bado ni imara. Mke wangu ana matatizo ya mgongo, na bila gari hili hangefika kwa dada yake Kasenga.

Kinachonisumbua ni usukani wa kulia. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ukiwa nyuma ya lori la madini kati ya Lubumbashi na Likasi, huoni mbele hadi gari zima limetoka nje ya mstari, na mimi sijaribu tena; namwachia lori liende. Ukivuka Kasumbalesa hali inageuka, kwa kuwa Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, na hapo mwenye usukani wa kushoto ndiye anayeteseka. Hesabu utatembea upande gani siku nyingi za mwaka.

Kama moyo wako unapenda raha ya 80 na fundi wa 1HZ, tafuta HZJ105. Ilitoka mwaka 1998, ina injini ile ile ya 1HZ, ekseli nzima mbele, springi za koili, na mashirika mengi yaliitumia. Ni nzito kwa injini hiyo, utapanda milima polepole sana, ila utafika umepumzika.

Mwalimu wa Kampemba

Asanteni kwa moyo wote. Nimesoma majibu haya na mke wangu usiku, na yeye ndiye aliyefanya hesabu ya kilo upya.

Tulikwenda Kolwezi Jumamosi kuona ile 78. Nilimwambia muuzaji kwa simu asiiwashe, na nilipoweka mkono juu ya injini ilikuwa ya moto. Nililala chini na tochi. Upande wa kulia, mahali springi ya nyuma inaposhikwa, kuna kipande cha chuma kilichochomelewa kwa urefu wa kiganja, na kimepakwa rangi. Nilimwuliza, akasema alilikuta hivyo. Tulimshukuru tukarudi. Duka la vipuri nalo lilinipa jibu: vitu vya 1HZ vilikuwa rafuni, vya 1HD-FT waliniambia niagize nisubiri.

Sasa limetokea jingine. Parokia moja hapa mjini inauza HZJ75 ya mwaka 1997, aina iliyotangulia 78, ile ndefu, usukani kushoto, injini 1HZ, kilometa 312,000, dola 9,500. Imeendeshwa na dereva mmoja tangu mwaka 2001, naye ameandika kwenye daftari kila oili, kila filita, na mkanda wa taimingi mara tatu. Springi za mbele pia ni za mabapa, kwa hiyo najua itaturusha. Kilometa ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na kwa sababu hiyo nasita.

Fundi wa Katuba

Mwalimu, daftari hilo lina thamani kuliko zile kilometa karibu 170,000 za ziada zinazokutisha. Injini iliyotunzwa na mkono mmoja na kuandikwa namna hiyo bado ina maisha, na ikihitaji kufunguliwa, bei uliyoniambia inakuachia fedha ya kuifungua. Mtazame dereva mwenyewe pia: mwombe akupeleke hadi njia mbovu ya karibu, akae usukani yeye, nawe usikilize anavyobadilisha gia na anavyoliingiza gari shimoni.

Kwa 75 kuna mambo yake. Kutu hupenda kona za chini za kioo cha mbele na ile mifereji ya paa aliyoitaja Mama, kwa hiyo vua mpira wa kioo ukiruhusiwa, au bonyeza kwa kidole pande zote. Rimu zake zina nati sita, ilhali za 78 na 79 zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zina tano. Usinunue rimu za akiba kabla ya kuhesabu. Kama rimu ni zile za kufunguka zenye pete, unaweza kuziba pancha mwenyewe kwa nyundo na vyuma viwili, lakini pete isiyokaa sawasawa huruka wakati wa kujaza upepo na imeshaua watu. Jaza huku tairi ikiwa imefungwa mnyororo au iko chini ya gari, na uso wako uwe mbali. Zungusha kwa mkono habu za mbele, zile za katikati ya magurudumu zinazoyaunganisha na ekseli, uhakikishe zinafunga na kufungua, kisha jaribu gia nzito (ile ya nguvu nyingi na mwendo mdogo, magurudumu yote manne yakivuta) kwenye udongo, kamwe si kwenye lami kavu. Springi za mabapa zinazokurusha mara nyingi zimeshikana kwa kutu; tukizifungua, tukizisafisha na kubadilisha bushi, utashangaa.

Jumamosi hii niko huru baada ya saa mbili asubuhi. Nitakuja na jeki, tochi na nyundo yangu. Mwambie dereva wa parokia asiiwashe, na alete lile daftari.